Fundi Akikuambia Gesi Imeisha

Kaskazi ikishaanza kupuliza, maswali mnayoniletea hubadilika. Ya wachumba na mawifi hupumzika kidogo, na kutoka Dar mpaka Tanga, Unguja mpaka Mombasa, wengi mnauliza jambo moja: dada, AC yangu haipozi, niitengeneze au ninunue nyingine? Nawaelewa. Saa saba za usiku, shuka limeloa jasho, mtoto analia na feni inazungusha hewa ileile ya moto, nani atapiga hesabu vizuri? Kukicha, mmoja anachukua hela ya kikoba akanunua mashine mpya wakati ya zamani ilidai kifaa cha maelfu tu. Mwingine anamlipa fundi kwa mara ya tatu afufue mashine ambayo ilipaswa kuzikwa tangu mwaka jana. Leo tukae tuliongee hili taratibu, maana ni hela yako na ni usingizi wa nyumba nzima.

Naanza na maneno ambayo kila mwenye AC ameshayasikia: "Gesi imeisha, dada, tuchaji." Mdogo wangu, gesi ya AC haiishi. Gesi ya jikoni inaungua, ndiyo maana mtungi unabaki mtupu. Hii ya AC haichomwi wala hailiki. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Kompresa inaibana na kuisukuma kwenye mashine ya nje, inatoa joto lake huko na kugeuka maji, inaingia ndani, inageuka mvuke na kulibeba joto la chumba chako, halafu inarudi kwenye kompresa kuanza safari upya. Ile kilo moja au pungufu iliyotiwa kiwandani inatakiwa iwemo mpaka siku mashine inafunguliwa kwa mara ya mwisho. Kama imepungua, imetoka mahali. Fundi anayejaza bila kutafuta mahali hapo amekuuzia gesi itakayotoka tena kwa njia ileile.

Nina binamu yangu Kinondoni, mwenye mtoto mdogo. AC yake ilijazwa gesi mwezi wa kumi na mbili, ikapoza kwa muda, ikachoka. Ikajazwa tena kabla ya masika, hadithi ikawa ileile. Alipofikia kutaka kukopa anunue mpya, nilimwomba anisubiri, nikaenda na fundi mwingine, kijana mtaratibu aliyesomea majokofu na viyoyozi VETA. Hakugusa mtungi. Aliomba bakuli, sabuni ya kuoshea vyombo na brashi. Akakoroga povu zito, akapanda ngazi, akalipaka kwenye nati mbili zinazounganisha mabomba ya shaba na mashine ya nje, akatuambia tutazame. Nati ndogo haikuonyesha kitu. Kwenye ile kubwa povu lilitulia, kisha upande wa chini kikaota kipovu kimoja, kikavimba taratibu mpaka kikawa kama punje ya choroko, kikapasuka, na kingine kikaota palepale. Hela zote za gesi zilikuwa zikipitia hapo. Alipofungua nati tukaona mdomo wa bomba una ufa mwembamba. Akakata kipande kifupi, akautanua mdomo upya, akafunga, akajaribu kwa presha, akajaza kwa mzani. Kazi hiyo haikufika hata robo ya bei ya mashine mpya.

Kwa hiyo fundi akikuambia gesi imepungua, mjibu kwa heshima: "Sawa fundi, nionyeshe inapotokea." Anayeijua kazi hatachukia. Atapaka povu kwenye maungio, na kama hapaoni atatia naitrojeni kwa presha aone kama geji inashuka. Hapa naomba mnisikilize vizuri: ni naitrojeni, isije kuwa oksijeni. Wapo wanaobeba mtungi wa oksijeni ya kuchomelea kwa sababu ndio walionao. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa inaweza kulipuka, na imeshaua mafundi. Ukiuona mtungi huo unaunganishwa kwenye AC yako, isimamishe kazi hata kama wewe si fundi.

Baada ya kuziba panapovuja, lazima mabomba yavutwe hewa kwa pampu mpaka yasibaki na hewa wala unyevu, ndipo gesi iingie. Unyevu ukibaki ndani unaharibu oili, na oili ikiharibika kompresa inafuata. Na gesi ipimwe kwa mzani. Nenda kwenye mashine ya nje utakuta kibao kimebandikwa ubavuni, na juu yake pameandikwa aina ya gesi na uzito wake, labda kilo 0.85, labda 1.1. Kadirio la "nimesikia bomba limepoa" halitoshi. Kama ni R410A kuna la ziada: ni mchanganyiko wa gesi mbili, nusu kwa nusu, hivyo inatakiwa iingie ikiwa maji, na kwa mitungi mingi hiyo ina maana ya kuupindua mtungi kichwa chini. Usimfundishe fundi kazi, lakini simama hapo uone. Anayetazamwa na mwenye mali hufanya kazi kwa makini zaidi.

Kuna maradhi ya AC ambayo si maradhi hata kidogo, na haya nayapitia haraka. Rimoti imehamishwa na watoto kutoka alama ya barafu kwenda alama ya feni, mashine inapuliza bila kupoza. Filta imeziba vumbi, mashine ya ndani inaganda barafu, kisha inamwaga maji ukutani. Bomba la maji machafu limezibwa na utelezi au wadudu, maji yanarudi chumbani. Ya filta unaitibu mwenyewe kwa maji ya bomba na kuianika kivulini, na kipindi cha joto ifanye kila wiki mbili. Ya bomba la maji inahitaji sevisi ya kawaida tu. Hakuna hata moja kati ya haya linalokuhusisha na duka.

Inayofuata ni kapasita, na hii naitaja kwa sababu wengi wametupa mashine nzima kwa ajili yake. Ni kikopo kidogo ndani ya mashine ya nje, kinachoipa kompresa na feni msukumo wa kuanzia. Kikichoka, unasikia mashine ya nje inanguruma bila feni kuzunguka, au kompresa inajaribu kuwaka, inakata, inajaribu tena. Mtu asiye mkweli atakwambia kompresa imekufa. Fundi mkweli ataipima kapasita kwa mita kwanza. Ni spea ya maelfu, si ya malaki, na kuibadilisha si kazi ya siku nzima. Ila usiifungue wewe. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na inaweza kukurusha.

Halafu kuna umeme wenyewe. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini jioni kila mtu akirudi nyumbani, mitaa mingi inashuka chini ya hapo na AC inashindwa kuwaka. Inapoza vizuri alfajiri, inagoma saa mbili za usiku. Ukiona tabia ya namna hiyo, mwambie fundi apime volti saa ileile inapogoma, asije saa nne asubuhi akasema haoni tatizo. Hapo hata ukinunua mashine ya bei mbaya kuliko zote, inaweza kugoma vilevile.

Na chumba nacho mkitazame. Chini ya bati lisilo na dari ya maana, dirisha la vioo vya kupandishana linalopitisha upepo, mlango ulioachwa wazi kwa watoto kuingia na kutoka, AC haina ugonjwa, imezidiwa. Nimeona pia mashine za nje zimejengewa kijumba cha matofali kwa kuogopa wezi wa shaba. Hofu hiyo ina sababu, lakini mashine inayotoa hewa ya moto ukutani na kuivuta tena haiwezi kupoza chumba. Weka nondo zenye nafasi, upepo upite.

Sasa tuje kwenye maradhi makubwa, maana hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Likiwa ni tatizo la koili, yaani yale mabomba membamba yenye mapezi ya alumini, swali la kwanza ni unaishi wapi. Sisi wa pwani tuna adui ambaye wenzetu wa Dodoma hawamjui, chumvi ya bahari. Nenda nyuma ya mashine ya nje utazame mapezi yake. Yakiwa manyoofu na yanang'aa hata kama yana vumbi, kuna maisha. Yakiwa meupe ya ungaunga na yanabomoka ukiyagusa kwa kidole, chumvi imeshafika kwenye bomba, na kila tundu litakalozibwa leo lina ndugu zake watakaofunguka mwezi ujao. Kwa kawaida AC iliyotunzwa huhesabiwa kuishi kati ya miaka 10 na 15. Kigamboni, Msasani au Nyali, karibu na maji, usiitarajie ifike huko bila kuoshwa kwa maji baridi mara kwa mara. Koili iliyoliwa na chumvi usiizibe. Iage.

Kompresa ikifa, wengi mnajua kwamba bei yake peke yake inaweza kukaribia nusu ya mashine mpya au kuipita. Msiloambiwa ni kwamba kompresa haifi bila sababu. Kama iliungua, imeacha asidi na masizi ndani ya mabomba. Ukiweka mpya bila kuyaosha mabomba na kubadilisha kichujio, hiyo mpya itakufa kwa ugonjwa wa mwenzake. Kwa hiyo fundi akikutajia bei ya kompresa, muulize maswali mawili: ya kwanza imekufa kwa nini, na bei yako ina kuosha mabomba ndani yake? Akisema haijui sababu, usimpe kazi. Na kama mashine ina miaka zaidi ya minane, mimi ningekwambia uiache hata kama sababu inajulikana, isipokuwa kompresa iko ndani ya waranti.

Kumjua mkweli kuhusu kompresa si kazi ngumu. Mwombe apime mbele yako kama nyaya tatu za kompresa zinaonana na kama umeme unavujia kwenye bodi ya chuma. Ni kipimo cha dakika chache kwa mita ya kawaida. Kompresa iliyopigwa shoti inajionyesha palepale. Ikiwa haijapigwa shoti na nyaya zinaonana, bado kapasita na volti havijaondolewa kwenye orodha.

Tena kuna suala la aina ya gesi, na hili ndilo linaloamua hatima ya mashine nyingi za zamani. Rudi kwenye kile kibao. Kikisema R22, mashine yako inatumia gesi inayokula tabaka la ozoni, na dunia inaiaga. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo, zilitakiwa kufikia 2025 ziwe zimepunguza matumizi ya jamii hiyo ya gesi kwa asilimia 67.5, na kufikia 2030 kibaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo. Maana yake kwako ni rahisi: kila mwaka itakuwa adimu zaidi, na kitu adimu kwetu hupanda bei na kuchakachuliwa. AC ya R22 yenye kapasita mbovu, badilisha kapasita uendelee kuitumia. AC ya R22 inayovuja kwenye koili, usiitilie hela tena.

Asije mtu akakwambia atatoa R22 akutilie R410A kwenye mashine ileile. Presha ya R410A ni kubwa zaidi kwa zaidi ya nusu, na oili zake haziendani. Wala usikubali gesi inayoshika moto itiwe kwenye mashine isiyoundwa kwa ajili yake, hata kama inapoza vizuri na ni nafuu. Kuna mtoto amelala chini ya mashine hiyo.

Mashine mpya nyingi sasa zinakuja na R32. Hii haiharibu ozoni, na joto inaloongeza angani ikivuja ni kama theluthi moja ya R410A kwa uzito uleule. R410A yenyewe nayo ina siku zake, maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapo kwa jirani zetu, yakakubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua gesi za jamii yake. Najua ukiwa na jasho usoni anga haikuhusu sana. Lakini mimi linanigusa, kwa sababu joto tunalolikimbia vyumbani linaongezwa pia na gesi tunazoziachia hewani kila fundi anapofungua nati na kuacha itoke "fyuuu" kwenye uchochoro. Fundi mwenye vifaa anaweza kuikusanya. Mwambie aikusanye. R32 nayo inaweza kushika moto, ingawa kwa shida, basi fundi anapoifungua asiwe na sigara mdomoni wala jiko la mkaa pembeni.

Tuje kwenye LUKU, ambako wauzaji huwa na maneno matamu. "Nunua inveta, umeme utapungua." Ni kweli, kwa sehemu. AC ya zamani inawaka yote au inazima yote. Ya inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kinapokaribia kupoa, ikaendelea polepole bila kuzima. Kwa anayewasha usiku kucha, tofauti inaonekana. Lakini usichukue neno la muuzaji, pima kwako. Ukienda kulala andika uniti zilizobaki kwenye mita, ukiamka andika tena. Fanya hivyo usiku wa AC, na usiku mwingine bila AC, friji na vingine viwe vilevile. Tofauti ya hizo mbili ndiyo AC yako inayokula.

Nikupe mfano. Tuseme AC ya BTU 12,000 ya kawaida inakula uniti 7 kwa usiku, na ya inveta ya ukubwa uleule ingekula 4. Tukihesabu uniti kwa shilingi 350, ya kwanza ni shilingi 2,450 kwa usiku, ya pili 1,400. Kwa mwezi unaokoa 31,500. Sasa tuseme mpya, pamoja na kufungwa, inakugharimu 1,200,000. Anayewasha kila usiku mwaka mzima anaokoa 378,000 kwa mwaka, mashine inajilipa katika miaka mitatu na kitu. Hiyo ni biashara nzuri. Lakini wewe unayewasha miezi mitano tu ya joto unaokoa 157,500 kwa mwaka, na utahitaji zaidi ya miaka saba kurudisha hela yako. Pwani, miaka saba chumvi imeshafanya kazi yake. Na kile chumba cha wageni kinachopozwa Idi na Krismasi hakitakulipa maishani. Hicho kitengenezee ya zamani.

Ila hesabu hiyo inabadilika kama ya zamani inataka hela nyingi leo. Ikiwa kuitengeneza ni 400,000, basi usilinganishe 1,200,000 na sifuri. Unachoongeza ni 800,000. Kwa wa usiku kucha, mwaka mzima, zinarudi katika miaka miwili na kidogo. Kwa wa miezi mitano, ni mitano. Weka uniti zako na bei za mtaani kwako, hesabu ni ileile. Kuna wanaotumia kanuni ya nusu: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mpya, nunua. Mimi kanuni hiyo naipokea nusu. Inasahau yale matengenezo ya mwaka jana na mwaka juzi. Jumlisha ulichokwisha kulipa ndani ya misimu miwili pamoja na unachoombwa sasa, kwa sababu mashine iliyofunguliwa kila msimu inakueleza itakavyokuwa msimu ujao.

Inveta nazo zina udhaifu wake, na muuzaji hatakutajia. Zina saketi ya kielektroniki kwenye mashine ya nje, na umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo unaziunguza. Saketi ikiungua, bei yake inauma, na kwa majina yasiyojulikana spea inaweza isipatikane kabisa. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji saketi ya modeli hiyo inauzwa wapi na kwa bei gani. Asipokuwa na jibu, chukua modeli nyingine ambayo mafundi wa mtaani kwako wanaizoea. Na funga kilinda umeme kinachosubiri dakika tatu hadi tano umeme ukirudi. Ni gharama ndogo kwa usalama wa kompresa na saketi.

Wapangaji wangu, nyie mna jambo la ziada. Kama AC uliikuta na ni ya mwenye nyumba, usianze kulipia kompresa kwa sababu ya joto. Rudi kwenye mkataba, mwandikie ujumbe unaosomeka, si wa simu tu, mkubaliane kama gharama itakatwa kwenye kodi, ndipo fundi aje. Kama ni yako, jua kwamba inahamishika. Fundi anaweza kuikusanya gesi yote ndani ya mashine ya nje na kuifungia humo kabla ya kukata mabomba, ukahamia nayo Mbezi ikafungwa bila kununua gesi upya. Akisema ataiachia tu, utaijaza mbele, tafuta mwingine.

Ya mtumba, ile iliyong'olewa hotelini au ofisini? Kama imeshang'olewa, huwezi kuiona ikipoza. Hujui iling'olewa kwa kukusanya gesi au kwa msumeno, na mabomba yaliyokaa wazi yameshanywa unyevu. Kwa mimi, bora feni nzuri na dirisha lenye neti mpaka hela itimie.

Ukishaamua kununua, ukubwa ndio unaowakosesha wengi. Chumba cha kawaida cha kulala kinatosheka na BTU 9,000 au 12,000. Bati juu bila dari, ukuta unaopigwa na jua la jioni, watu wengi chumbani, panda hatua moja. Lakini usipande mbili kwa kudhani kubwa ni bora. Mashine kubwa mno inapoza haraka, inasimama, kisha inaacha unyevunyevu hewani, na kwetu pwani unyevu ndio unaotesa kuliko joto lenyewe. Utalala kwenye chumba baridi chenye shuka la majimaji.

Ufungaji nao una uzito sawa na mashine yenyewe. Mashine nzuri iliyofungwa vibaya itakupeleka kulekule kwa kipovu cha binamu yangu. Fundi avute hewa kwa pampu, asisafishe mabomba kwa kuachia gesi. Bomba la maji literemke, lisipande popote. Mashine ya nje ikae mbali na upepo wa bahari unaoipiga moja kwa moja kama inawezekana, na mahali ambapo mtu anaweza kuifikia kuiosha. Waya wake utoke kwenye sakiti breka yake mwenyewe, pamoja na waya wa ardhini. Na kama una nafasi ya kuchagua wakati, fanya haya yote kusi likipuliza, mwezi wa saba au wa nane. Mafundi hawagombaniwi, wana muda wa kufanya kazi hatua kwa hatua, na wewe unaweza kungoja povu la sabuni bila kulia.

Ya zamani usimpe muuza vyuma chakavu ikiwa na gesi ndani. Mwambie fundi aitoe kwenye mtungi kwanza. Dukani dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine zote mbili, ya ndani na ya nje. Kisha uliza waranti ya kompresa ni miaka mingapi, ya saketi ni miaka mingapi, na kama inakubalika ikifungwa na fundi wako mwenyewe, maana kwa wengi haikubaliki. Uandikiwe kabla hujatoa hela.